Wavu wa Chuma Sakafuni

Swali la kumi na saba kwenye fomu ya daktari wa nafsi:
Wito wako ulianza lini, na nani alikuwepo?
Niliandika: Usiku. Hakuna mtu.
Nilikuwa na miaka ishirini, seminari kuu ya Rimouski,
mto umeganda dirishani, mpana hata huoni ng'ambo.
Daktari alikuwa mlei, mwenye kikohozi na soksi zisizofanana.
Akanionyesha madoa ya wino. Nikaona popo.
Akasema, humu ndani wote mnaona popo.
Kisha akauliza habari za mama.

Mama, basi.
Alizaa kumi na wanne, akazika watatu.
Alipokufa Donat ardhi ilikuwa jiwe kwa baridi,
jeneza likangoja ghalani mpaka Aprili.
Majira hayo mama aliweka nadhiri: mmoja wetu kwa Mungu.
Hakutaja jina. Aliacha nafasi wazi,
kama mtu anayetia saini hundi.
Shamba lilikuwa la Ovila, kifungua mimba.
Philias alikuwa na mabega ya kukata miti.
Wasichana walihesabiwa kando.
Mimi nilikuwa na kifua kibovu na mwandiko mzuri.
Ungeniweka wapi?

Paroko Dancause alinipa chungwa kila Ijumaa ya kwanza,
chungwa, mwezi wa Februari,
na kwetu tunakula viazi kwa viazi.
Alikuwa na gari, na simu, na chumba cha vitabu vitupu.
Baba, ambaye hakumvulia kofia hata tajiri wa mbao,
alimvulia yeye. Niliiona kofia ile ikishuka.
Na hilo nalo niliandike, daktari?
Kwamba niliipenda Ekaristi, naam,
na niliipenda pia kofia ya baba mkononi mwake?

Lakini sauti. Sauti ilikuwa ya kweli.
Nina miaka kumi na mmoja, nimelala ghorofani
kando ya wavu wa chuma sakafuni
unaopandisha joto la jiko na siri za watu wazima.
Krismasi imepita siku mbili.
Adélard.
Kuni zikapasuka motoni.
Adélard.
Nikajifunika blanketi kichwani.
Adélard, na safari hii nikajibu: Nipo.

Asubuhi nikamwambia mama. Aliketi chini, unga mikononi,
akalia kama mtu aliyelipiwa deni.
Jua halijatua, kijiji kizima kinajua,
na mwalimu ameshaacha kunichapa.
Hapo ungerudi nyuma kwa mlango upi?

Nimekuwa padri miaka hamsini na minne.
Nimebatiza na kuzika, siku hizi ni kuzika tu.
Makanisa yangu mawili yameuzwa: moja ni ghala la jibini,
jingine vijana huparamia kuta zake kwa kamba, kwa mchezo.
Usiku mwingi nimekaa na mkate mkavu na redio
nikijiambia, angalau niliitwa.

Jumanne iliyopita, kwenye nyumba ya wazee,
nilikuwa namkata kucha dada yangu Imelda,
maana manesi wana haraka.
Akasema tu, macho kwenye vidole vyake:
"Ni mimi niliyekuita, unajua. Pale chini ya wavu.
Nilipanda juu ya kasha la kuni. Nilikuwa na miaka tisa.
Nilitaka uende, ili vitabu vyako vije nyumbani likizo.
Mimi nani angenipeleka shule?"

Nikauliza, "Na nilivileta?"
"Kimoja. Cha Kilatini."

Mkasi ukanitulia mkononi.
Nje theluji ilikuwa inachuruzika kutoka paani.
Miaka yote ile, popo wote wale wa wino,
na mwitaji ni mtoto aliyenyimwa daftari.

"Lakini niliita mara mbili tu," akaongeza.
"Kasha liliyumba, nikaogopa, nikashuka."

"Mara mbili, Imelda?"

"Mbili."

Huyu ndiye aniulizaye kila wiki Ovila hajambo,
na Ovila tulimzika tangu mwaka juzi.
Nikashika kidole gumba, kilichobaki.
Nikakikata polepole,
nimetega sikio.